Msikae Umbali wa Mshale

Fungueni Mwanzo sura ya 21 na mkae nayo mkononi. Leo sihubiri juu ya Ibrahimu wala juu ya Isaka. Nahubiri juu ya kijana ambaye wahubiri wengi humpita mbio: Ishmaeli, mwana wa Hajiri Mmisri.

Tumezoea kumwona katika picha akiwa kitoto kilichobebwa mgongoni. Pigeni hesabu. Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Hajiri alipomzaa Ishmaeli. Alikuwa na miaka 100 Sara alipomzaa Isaka. Na karamu ile iliyozua balaa ilifanywa siku Isaka alipoachishwa ziwa. Basi yule aliyefukuzwa pamoja na mama yake, wakapewa mkate na kiriba cha maji na kuachwa watangetange katika nyika ya Beer-sheba, alikuwa kijana wa miaka 15 hivi au zaidi. Sauti imeanza kukwaruza, ndevu zinachungulia. Ni rika la hawa wanaokaa viti vya nyuma katika ibada zetu, kofia ya sweta imefunika kichwa, simu iko mapajani, midomo haiimbi.

Na mama yake alikuwa mgeni. Alitolewa Misri, akaishi katika hema za watu wengine, chini ya amri ya watu wengine, na siku walipomchoka hakuwa na mtu wa kumtetea. Kijana alikulia katika nyumba ambayo mama yake hana sauti. Watoto wetu wanaijua nyumba hiyo.

Maji yalipokwisha, Hajiri alimlaza kijana chini ya kichaka, kisha akaondoka, akaenda kukaa mbali, umbali wa mshale, asimwone akifa. Akalia. Sasa someni polepole. Anayetajwa kulia kwa sauti kuu ni mama, lakini sauti inayotajwa kumfikia Mungu ni ya kijana. Kijana alikuwa anasema nini pale kichakani? Hatukuambiwa. Mama yake hakujua, kwa sababu mahali alipokaa hapafiki sauti.

Mama zangu, baba zangu, hapo ndipo wengi wetu tumekaa.

Nasema nanyi mliotoka kambi za Nyarugusu, na Nakivale, na Kyangwali, na Kakuma, na Dzaleka. Nasema na watu wa Fizi na Uvira, wa Minembwe, wa Masisi na Rutshuru, na ndugu zetu Warundi, ambao leo mnaishi Louisville na Phoenix, Fort Worth na Dayton, Boise na Des Moines. Katika mwaka wa serikali ya Marekani ulioishia Septemba 2016, nchi hii ilipokea zaidi ya wakimbizi 16,000 kutoka Kongo, kuliko kutoka taifa lingine lolote mwaka huo. Tulishuka kwenye ndege na mifuko myeupe ya shirika la uhamiaji, IOM, kifuani, tukamshukuru Mungu kwa machozi. Tukasema: sasa watoto watasoma, watoto wamepona. Nani alitwambia kwamba wamepona?

Niwaambie kinachotokea baada ya basi la shule kufunga mlango.

Mtoto anafika nchi hii akiwa na miaka 15. Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, ndiyo nchi pekee aliyoijua. Alisoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, katika darasa lililojaa hadi madirishani, akaishia darasa la tano. Hapa hawamuulizi aliishia wapi. Wanatazama umri na kumweka darasa la tisa. Anakaa mbele ya aljebra iliyoandikwa kwa Kiingereza, na anapoitwa kusoma kwa sauti, darasa zima linasubiri acheke nani wa kwanza. Akikosea neno, linarudiwa kwenye korido mpaka jioni. Wanamuuliza kama kwao watu hulala na simba. Wanamtolea milio ya nyani. Wanamwambia arudi Afrika. Akifungua chombo chenye sombe na samaki, wanaziba pua na kuhama meza. Kuna tusi moja la siku nyingi katika shule za nchi hii, linalomwita Mwafrika mkuna makalio. Muulizeni mtoto wenu kama analijua. Atashtuka kwamba ninyi mmelisikia.

Zamani uonevu ulibaki shuleni. Mtoto akivuka kizingiti cha mama yake, ulikuwa umekwisha. Siku hizi unaingia naye ndani, unapanda naye kitandani. Mtu amemrekodi anavyotamka neno, amemrekodi anavyosukumwa akaanguka, na saa sita za usiku wanafunzi wasiomjua hata jina wanamcheka kwenye simu. Yeye anatazama. Ninyi mmelala chumba cha pili.

Halafu shule inawaita. Mnakwenda, mnakaa kwenye viti vidogo, mwalimu anasema kwa Kiingereza, na anayetafsiri ni yule yule mtoto aliyepigwa! Mwalimu anasema mtoto huyu anakaa peke yake, hali chakula, nina wasiwasi naye. Mtoto anatazama uso wa mama yake uliochoka kwa kazi ya usiku, na anasema: "Mama, mwalimu anasema naendelea vizuri." Mnapeana mikono, mnatabasamu, mnarudi nyumbani mkimsifu Bwana. Mtoto hakusema uongo kwa ukorofi. Alisema ili asiwaongezee mzigo.

Na mara nyingine inakuwa mbaya zaidi. Wamemchokoza kuanzia Septemba, hana maneno ya kushitaki, siku moja ngumi inatoka. Yule aliyemchokoza anayo lugha, anafika kwa mwalimu wa kwanza, anaeleza vizuri. Wetu anafukuzwa siku tano. Nyumbani naye baba anavua mkanda, kwa kuwa amelitia jina la ukoo aibu. Niambieni, wapendwa, kijana huyu akimbilie wapi?

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani, mmoja ana tatizo la afya ya akili. UNESCO ilipokusanya takwimu za nchi nyingi mwaka 2019 ilikuta kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja. Hao ni watoto wote, pamoja na wale ambao hawajawahi kuhama kijiji. Sasa mchukueni mmoja wao, mwongezeeni nyumba iliyochomwa, kaka aliyezikwa bila jeneza, kambi, ndege, lugha ngeni, kisha mwambieni kila asubuhi kwamba ananuka. Akili ina mahali inapochoka, kama mguu unavyochoka. Hilo halina uhusiano na uchache wa imani.

Wetu hawasemi, "Mama, nina sonona." Wanasema tumbo linauma. Linauma Jumapili jioni, linapona Ijumaa mchana. Kichwa kinagonga. Usingizi unakataa usiku, kisha mchana mtoto analala kama mgonjwa. Anarudi kutoka shule na njaa ya mtu aliyefunga, maana chumba cha chakula ndipo wanapomngoja. Anakimbilia msalani viatu vingali mguuni, kwa sababu siku nzima hakuthubutu kuingia choo cha shule. Anavaa mikono mirefu Julai. Binti aliyekuwa anaongoza kwaya ya watoto kambini sasa hataki mtu amwone. Mvulana mpole amekuwa wa kupasua milango. Na ukisikia mtoto anasema ingekuwa heri kwenu mimi nisingekuwepo, ukimwona anagawa vitu vyake anavyovipenda, usingoje kipindi cha maombi cha Ijumaa. Saa hiyo hiyo acha unachofanya.

Nitalisema kwa jina, ingawa mila zetu zinatuzuia. Nasema kujiua. Katika nchi hii, kujiua ni miongoni mwa sababu tatu kuu za vifo vya watu wenye umri wa miaka 10 hadi 24, na katika watu wa kila umri zaidi ya nusu ya wanaojiua hutumia bunduki. Kama umenunua bunduki kwa ajili ya usalama, ifungie, risasi mahali pengine, ufunguo mwilini mwako. Dawa za maumivu zilizojaa juu ya friji, zifungie pia. Kumuuliza kijana waziwazi kama anawaza kufa hakumtii wazo hilo kichwani. Kunamfungulia mlango wa kutoka nalo. Muulize.

Najua jibu ambalo tumekuwa tukiwapa, maana ni jibu la sebule zote. "Unalia kwa maneno tu? Sisi tulilala porini. Tulikula majani. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku, risasi zikipita juu ya vichwa. Vumilia." Ni kweli mlivuka. Sitalipunguza hata chozi moja la safari ile. Lakini mlivuka na nani? Mlipolala porini, jirani alilala kando yenu. Aliyekosa chumvi alimwomba aliyenayo. Waliowakimbiza walikukimbizeni pamoja, na usiku mliimba kwa kunong'ona, wote lugha moja. Huyu mtoto amekaa katika chumba cha watu mia tatu na hakuna hata mmoja anayelijua jina lake kama lilivyo. Hajawahi kukimbizwa pamoja na mtu. Anakimbizwa peke yake, kila siku, kisha anarudi nyumbani kuambiwa kwamba hakuna anayemkimbiza.

Ukimpimia mtoto maumivu yake kwa kipimo cha vita yako, atanyamaza milele. Atajua kwamba katika nyumba hii, asiyevuja damu hana haki ya kulia.

Wala sisemi Hajiri hakumpenda mwanawe. Alikaa mbali kwa sababu alimpenda, na macho yake hayakuweza kuvumilia. Wengi wetu tuko hivyo. Baba anatoka saa tisa alasiri kwenda kiwanda cha nyama, anarudi saa nane za usiku, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Mama anapanga maboksi ghalani usiku kucha. Kodi ya nyumba haingoji. Na ndani kabisa kuna hofu: nikimuuliza akanieleza, nitafanya nini, mimi nisiyejua hata kuandika barua kwa mwalimu? Basi tunakaa mbali na tunalia kwa sauti mbele za Mungu, tunafunga, tunakesha kwa ajili ya watoto, na watoto wenyewe hatujakaa nao chini hata nusu saa.

Ninyi watumishi wenzangu, wachungaji na waombaji, hapa nina neno gumu kwenu. Kijana ameletwa mbele, hali, halali, hasemi. Tunamzunguka watu kumi, tunamwekea mikono kichwani, tunakemea pepo kwa saa mbili. Asipobadilika tunasema nyumbani kwao kuna laana, au bibi amemloga. Kijana anaondoka pale akiwa na maradhi yake ya kwanza, na juu yake amebebeshwa aibu mpya: kanisa zima sasa linamwona ana mashetani. Someni 1 Wafalme 19. Eliya, nabii aliyeshusha moto, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Mungu alimtendea nini? Hakumkemea pepo. Hakumkumbusha ushindi wa Karmeli. Alimwacha alale. Akamtuma malaika amguse, ampe mkate wa moto na maji. Akalala tena, akaamshwa tena, akala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, kule Horebu, na hata huko Mungu alianza kwa kumuuliza swali na kumwacha aseme yote yaliyomjaa. Kama Bwana mwenyewe alitanguliza chakula, usingizi na swali, sisi tumepata wapi haraka hii ya kupiga kelele? Ombeni, ndiyo. Ombeni sana. Kisha mpelekeni kwa daktari, na mchungaji mwenyewe awe wa kwanza kusema madhabahuni kwamba dawa ya sonona si dhambi.

Narudi kwa Ishmaeli, maana kuna jambo sijalitaja na nisingetaka mniambie nimelificha. Kabla ya kufukuzwa, Sara alimwona akifanya dhihaka. Kijana huyu aliyelia chini ya kichaka alikuwa na dhihaka kinywani mwake.

Watoto wa kanisa, sasa nazungumza nanyi. Mliofika hapa miaka sita iliyopita mnawacheka waliofika mwaka huu. Mnawaita wa kambini. Kwani ninyi mlitoka wapi? Mnawarekodi wakihangaika na mlango wa duka unaojifungua wenyewe. Mwenzenu akiwafuata kwenye meza ya chakula mbele ya rafiki zenu wapya, mnajifanya hamjui Kiswahili. Nani atampokea, kama wewe uliyenywa maji ya bomba lile lile umemkana? Na kuna uovu mwingine, ambao huo hamkuutunga, tuliwafundisha sisi. Kuna mtoto wa Kinyamulenge anayeambiwa na mtoto mwingine wa Kikongo, humu Amerika, kwenye basi la shule, kwamba yeye si Mkongo. Kuna anayebaguliwa kwa urefu wa pua yake. Mtoto wa miaka 13 aliyezaliwa kambini ameyatoa wapi hayo? Ameyaokota sebuleni, wazee wangu, tulipokuwa tunaongea na simu za nyumbani tukidhani amelala. Tulikimbia moto tukiwa na kaa la moto mfukoni. Tubuni, na watoto wawaone mkitubu.

Wala msiwafundishe kuwadharau Wamarekani weusi kwa sababu baadhi ya watoto wao wanawacheka wetu. Nasikia maneno hayo baada ya ibada na yananiumiza. Sheria inayomlinda mtoto wako shuleni leo, Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, ilipatikana kwa watu hao kupigwa, kufungwa na kuuawa. Sehemu yake ya sita inasema shule inayopokea fedha za serikali kuu isimbague mtu kwa rangi, kwa asili, wala kwa taifa alilotoka. Mtoto anayechekwa kwa sababu ametoka Kongo yumo ndani ya ulinzi huo, na shule inayojua halafu ikanyamaza inavunja sheria.

Mungu alipomfumbua Hajiri macho, aliona kisima. Maandiko hayasemi kwamba kisima kilichimbwa dakika ile. Inawezekana kilikuwa pale muda wote, yeye analia kando yake na kiriba kitupu. Na ninyi mna visima msivyoviona.

Shule inapaswa kuzungumza nanyi kwa lugha mnayoielewa. Ni wajibu wao, na hamlipi senti. Semeni, "Interpreter, Swahili," yaani mkalimani wa Kiswahili, maneno mawili tu, na msikubali mtoto awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Majimbo yote 50 yana sheria dhidi ya uonevu shuleni. La mwisho kuiweka lilikuwa Montana, mwaka 2015. Kwa hiyo msiishie kulalamika kwa mdomo mlangoni. Andikeni, au mwombeni kijana wa kanisa aliyesoma aandike: tarehe, mahali, kilichosemwa, nani alikuwepo. Pigeni picha ya matusi yaliyo kwenye simu kabla hayajafutwa. Pelekeni kwa mwalimu mkuu na mbaki na nakala. Shule ikikaa kimya, Wizara ya Elimu ina ofisi ya haki za raia inayopokea malalamiko ndani ya siku 180 tangu tukio. Ombeni pia mtoto aonane na mshauri wa shule. Baba zangu, mnaogopa kwamba mkisema mtafukuzwa nchini. Mzazi anayeuliza habari za mwanawe hatendi kosa lolote, na tangu mwaka 1982 Mahakama Kuu ya nchi hii imeamua kwamba hata mtoto asiye na karatasi ana haki ya kukaa darasani.

Na namba moja kila mtu aihifadhi kwenye simu sasa hivi, kabla hujageuza ukurasa: 988. Inapokea usiku na mchana, haina malipo, na unaweza kuomba mkalimani. Mtu akiwa katika hatari ya kujidhuru, au ukiogopa kwamba mwenzako yuko hatarini, piga.

Kijana unayesoma haya kwa siri, labda umeiokota karatasi hii mezani na mama yako yuko kazini: yale wanayokuita hayakuwa jina lako hata siku moja. Uchovu ulio nao una jina, una tiba, na watu wazima wengi wamepita humo wakatoka. Mwambie mtu mmoja leo. Akikupuuza, mwambie wa pili, na wa tatu. Kukataa kukusikia ni kosa lao, na kosa lao lisikufanye unyamaze. Yule Mungu wa nyika ya Beer-sheba alisikia kijana mahali alipokuwa amelala, kabla hajasimama, kabla hajajipanga kuongea vizuri.

Kwa Hajiri, amri ilikuja kabla ya kisima. Aliambiwa ainuke, amwinue kijana, amshike mkono. Aliamriwa autembee ule umbali wa mshale kwa miguu yake, akiwa bado hana tone la maji la kumpa. Basi msingoje mpaka mjue Kiingereza. Msingoje mpaka zamu ya kazi ibadilike. Leo jioni zima televisheni, mketishe, mwambie unataka kusikia na hutamkatiza. Akisema neno moja tu, pokea hilo moja. Akikaa kimya, kaa naye kimya, kesho rudi.

Na kanisa lisimwache mama huyo aende peke yake. Wako kati yetu vijana waliomaliza chuo, wauguzi, madereva wa mabasi, watu wanaokijua Kiingereza na wanaoijua milango ya ofisi. Wazee, chukueni daftari. Upande mmoja waandikwe wazazi wanaohitaji mtu wa kufuatana nao shuleni wiki hii, upande wa pili wanaojitolea kwenda nao. Jumatatu asubuhi shule zinafunguliwa. Majina yaandikwe leo, kabla mtu hajapanda gari lake.